Shinikizo la Damu na Kinga ya Kiharusi: Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi wa Mkoa wa Singida

Mada iliyo mbele yetu ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita presha, pamoja na kiharusi, ambacho ni matokeo yake mabaya kuliko mengi. Nimeombwa nieleze kwa lugha nyepesi maradhi haya ni nini, yanatokana na nini, na kila mmoja wetu afanye nini ili yasimkute au, yakimkuta, yasimwangushe.

Kwa miaka mingi elimu ya afya nchini mwetu ilielekezwa zaidi kwenye maradhi ya kuambukiza: malaria, kipindupindu, kifua kikuu, surua na UKIMWI. Ilikuwa sawa kufanya hivyo, na kazi hiyo haijaisha. Hata hivyo, maradhi yasiyoambukiza yamekuwa yakikua pembeni bila kelele. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Mazungumzo haya ni sehemu ya kuufikisha ujumbe huo majumbani, mashambani na maofisini.

SHINIKIZO LA DAMU NI NINI?

Moyo ni pampu. Kila unapodunda husukuma damu ndani ya mishipa, nayo damu husukuma kuta za mishipa hiyo. Nguvu ya msukumo huo ndiyo shinikizo la damu, na kila mtu aliye hai analo. Tatizo huanza pale nguvu hiyo inapozidi kipimo na kubaki juu siku zote.

Kipimo huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu iliyopo wakati moyo unasukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapumzika. Kipimo kizuri kwa mtu mzima ni chini ya 120 kwa 80. Mtu akipimwa kwa siku tofauti, akiwa ametulia, na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huyo ana shinikizo la juu la damu. Si lazima namba zote mbili zizidi, moja inatosha.

Ili kipimo kiwe cha kweli, anayepimwa akae kwa utulivu kama dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikigusa sakafu na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, na asizungumze wakati wa kupimwa. Mtu aliyetembea kwa haraka hadi zahanati na kupimwa akiwa bado anahema anaweza kuonekana mgonjwa ilhali si mgonjwa. Ndiyo maana wahudumu wa afya hurudia kipimo siku nyingine kabla ya kumwanzishia mtu dawa.

HATARI YA UGONJWA USIOUMA

Ndugu Wananchi,

Malaria humtikisa mtu kwa homa akajua kwamba anaumwa. Shinikizo la juu la damu halina desturi hiyo. Wengi walio nalo hawasikii lolote. Wanalima, wanafundisha, wanaendesha magari na kuhudhuria vikao kama kawaida. Wakati huo kuta za mishipa zinaharibika polepole, moyo unachoka, figo zinadhoofika na macho yanaingiwa na athari.

Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba takribani watu wazima 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu. Miongoni mwa hao wenye tatizo, waliojua hali yao hawakufika hata mmoja kati ya watano. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limeshuka kufikia kiwango salama hawakutimia hata mmoja kati ya mia moja. Aidha, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani robo ya watu wazima wa Tanzania wana tatizo hili.

Ni vyema tuzingatie kwamba kijiji hakikuwa salama zaidi ya mji kwa tofauti kubwa kama wengi wanavyodhani. Kwa mantiki hiyo, haifai mkazi wa Ikungi au Mkalama kuamini kwamba presha ni maradhi ya wakubwa wa mjini wenye magari.

KIHARUSI HUTOKEAJE?

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu. Hili huwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mshipa kuzibwa na damu iliyoganda. Njia ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Shinikizo la juu huchangia zote mbili: hukwaruza na kukakamaza kuta za mishipa hadi damu ikaganda humo, na huidhoofisha mishipa midogo hadi ikapasuka. Mwenye bustani ya vitunguu anayemwagilia kwa mpira anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Maji yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi mwaka hadi mwaka, mpira huchakaa na mwisho hupasuka palipo dhaifu.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kulikuwa na viharusi vipya takribani 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na takribani 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kinazidi kile cha nchi nyingi tajiri. Kwa hiyo dhana kwamba kiharusi ni maradhi ya Ulaya na Marekani haina msingi.

Kuna pia dhana nyingine tunayopaswa kuizungumza kwa heshima lakini bila kuficha. Mtu akiamka asubuhi upande mmoja haufanyi kazi, wapo wanaosema amepigwa na upepo mbaya, ametupiwa jini au amerogwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha mawazo ya watu wa Hai na wa Dar es Salaam kuhusu jambo hili. Ilionekana kwamba watu wa Hai, kijijini, walikuwa wepesi zaidi wa kuhusisha kiharusi na presha na kumpeleka mgonjwa hospitali. Wa jijini ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi na kuanzia kwa mganga. Tunajifunza hapa kwamba elimu haiendi kwa ukubwa wa mji. Kijiji chochote cha Singida kinaweza kulielewa jambo hili vizuri kuliko jiji.

Hatumkatazi mtu kumwombea mgonjwa wake. Tunachosema ni kwamba maombi yafanyike gari likiwa njiani kwenda hospitali. Kuchanja, kufukiza na kumkanda mgonjwa nyumbani humpotezea saa ambazo hazirudi.

DALILI ZA KIHARUSI NA LA KUFANYA

Kiharusi huja kwa ghafla. Mambo matatu yatazamwe haraka. Kwanza, uso: mwambie mgonjwa atabasamu na uangalie kama upande mmoja wa mdomo umeanguka. Pili, mikono: mwambie ainue yote miwili na uangalie kama mmoja unashuka wenyewe. Tatu, maneno: mwambie arudie sentensi fupi na usikilize kama ulimi ni mzito au maneno hayaeleweki. Likionekana lolote kati ya hayo, angalia saa, kwa sababu daktari atauliza dalili zimeanza wakati gani. Dalili nyingine ni kupoteza kuona kwa ghafla, kizunguzungu kikali cha kuangusha, na maumivu makali ya kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata.

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Akiwa hajitambui alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Asipewe chakula wala maji, kwa sababu koo linaweza kuwa limepooza na kumpalia. Asipewe asprini, kwani kama mshipa umepasuka dawa hiyo itaongeza umwagikaji wa damu, na kwa kumtazama tu hakuna anayeweza kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Hilo huhitaji picha ya ubongo. Wala asipewe vidonge vingi vya presha ili kuishusha kwa pupa.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze. Tufikirie basi mkoa wetu ulivyo. Anayeishi Rungwa, kusini mwa Itigi, au katika vijiji vya bonde la Kitangiri, hana nafasi hiyo kwa urahisi, hasa wakati wa masika barabara zinapoharibika. Huu ndio ukweli unaotufanya tusisitize kinga. Kwa mtu aliye mbali na hospitali, kuzuia kiharusi ndiyo tiba ya uhakika aliyo nayo.

Wakati mwingine dalili hizo hutokea kisha zikaondoka zenyewe baada ya dakika chache au saa moja, na mtu akamshukuru Mungu na kurudi shambani. Hilo ni onyo kubwa. Kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache, na mtu huyo anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

DAWA NI ZA KUENDELEA NAZO

Mnamo tarehe 12 Aprili 1945, Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alifariki dunia kwa kupasuka mshipa wa ubongo akiwa na umri wa miaka 63. Shinikizo lake siku hiyo lilipimwa likawa 300 kwa 190. Alikuwa kiongozi wa taifa lenye nguvu kubwa, daktari wa moyo alikuwa karibu naye, na hali yake ilijulikana tangu mapema. Lakini dawa nzuri ya kumeza ya kushusha shinikizo ilikuwa haijapatikana; vidonge vya kwanza vyenye nguvu na visivyo na madhara makubwa vilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo mkulima wa alizeti wa Iramba anaweza kuandikiwa kidonge ambacho rais yule hakukipata. Itakuwa hasara kubwa kwetu tukikiacha kidonge hicho kwenye kabati.

Na hapa ndipo penye tatizo. Mgonjwa huanza dawa, baada ya mwezi hupimwa na kukuta shinikizo limeshuka, naye husema: nimepona. Huacha dawa. Shinikizo hupanda tena bila kumwarifu, na siku moja huanguka. Ndugu zangu, namba ikishuka maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Maradhi bado yapo. Dawa hizi hudhibiti, haziondoi. Kuzimeza ni kama kuezeka nyumba: paa haling'olewi kwa sababu humo ndani hapavuji.

Wapo wanaomeza siku wanayoumwa kichwa tu, wapo wanaogawana vidonge na jirani, na wapo wanaoacha kwa sababu ya kukojoa mara kwa mara, kuvimba miguu au kukohoa. Madhara ya namna hiyo mara nyingi huondoka kwa kubadilishiwa dawa. Dawa za presha ni za aina nyingi, kwa hiyo arudi kwa daktari amweleze. Asiamue peke yake. Vile vile, aliye na presha asinunue ovyo dukani dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa huweza kupandisha shinikizo na kuumiza figo.

Kina mama wajawazito wasikose kliniki. Shinikizo linalopanda wakati wa ujauzito ndilo huweza kuleta kifafa cha mimba, kinachoweza kuua mama na mtoto. Mwenye presha anayetarajia kupata mimba amweleze daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mtoto aliye tumboni.

CHUMVI, CHAKULA NA KAZI ZA MWILI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni jumla ya iliyopikiwa, iliyoongezwa mezani na iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Nyumba nyingi hazina mizani, lakini upo mtihani mwepesi. Familia ya watu wazima sita haipaswi kuzidisha gramu 30 kwa siku, na hizo kwa siku 30 ni gramu 900. Kwa hiyo familia hiyo ikimaliza pakiti mbili za nusu kilo kwa mwezi imekwisha kuvuka mpaka, hata kabla ya kuhesabu mkate, dagaa wa chumvi na biskuti. Kila mama na baba mwenye nyumba ahesabu pakiti zake za mwezi huu.

Chumvi itumikayo iwe yenye madini joto, kwa kuwa mwili unayahitaji. Tunachopunguza ni kiasi. Tabia ya kuongeza chumvi mezani ikomeshwe. Tukumbuke pia kwamba magadi yanayotiwa kwenye maharage na mboga yana madini yale yale ya sodiamu yanayopandisha shinikizo. Ulimi huzoea: baada ya wiki chache chakula chenye chumvi kidogo huwa na ladha yake, na limau, kitunguu, nyanya na tangawizi husaidia.

Mkoa wetu una neema ya chakula kizuri. Ugali wa mtama na uwele usiokobolewa, mlenda na mboga nyingine za majani, kunde, karanga, maboga na matunda ni vyakula vinavyosaidia kuweka shinikizo chini. Mafuta ya alizeti ni sifa ya Singida na ni bora kuliko mafuta ya wanyama, lakini nayo hunenepesha yakizidi, na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hayafai. Unene, hasa wa tumbo, hupandisha shinikizo. Pombe, iwe ya kienyeji au ya chupa, hupandisha shinikizo vile vile. Sigara na ugoro huharibu mishipa, na aliye na presha akavuta amejiongezea mzigo juu ya mzigo. Mwenye kisukari naye anahitaji uangalizi zaidi.

Kuhusu kazi za mwili, tunao walimu karibu yetu. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilayani Mkalama, ni wa jamii iliyochunguzwa na wataalamu kaskazini mwa Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Ilionekana kwamba watu wazima wa jamii hiyo hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika shughuli za kuutoa mwili jasho, na shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra miongoni mwao hata uzeeni. Hatuwezi sote kuishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Lakini mtumishi anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni anaweza kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, na kutimiza zile dakika 150 zinazoshauriwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 aliyekuwa Makamu wa Rais, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo hilo ni jema, ila mwili hauridhiki na siku moja kwa mwezi.

WITO

Ndugu Watumishi wa Serikali,

Watumishi wa umma wana Bima ya Afya tangu mwaka 2001. Ni jambo la kusikitisha mtu mwenye kadi mfukoni akipimwa kwa mara ya kwanza siku aliyoletwa kwa machela. Natoa wito kwa kila mtumishi kupima walau mara moja kwa mwaka, na kwa wakuu wa idara na shule kutowahesabia kosa wale wanaokwenda kliniki kwa tarehe walizopangiwa.

Watendaji wa kata na vijiji wanaombwa kuutumia mkutano wa kijiji kumpa mhudumu wa afya nafasi ya kuzungumza na kupima. Viongozi wa dini na waganga wa jadi wanaombwa wamwelekeze hospitali kwanza kila mtu aliyepooza ghafla.

Ndugu Wananchi, hospitali hazikosekani: ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, ipo Kiomboi, ipo ya Mtakatifu Gaspar Itigi, ipo Makiungu, ipo Iambi. Kabla ya hizo zipo zahanati na vituo vya afya, na kupima shinikizo ni kazi ya dakika chache.

Kwa wale ambao kiharusi kimekwisha kuwafika, wasifichwe ndani. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, anyooshwe viungo kama alivyoelekezwa na wataalamu, ashirikishwe katika mazungumzo ya nyumbani hata kama ulimi ni mzito, na aendelee na dawa zake ili asipate kiharusi cha pili. Wengi hurudi kusimama wakitunzwa mapema na kwa subira.

Kila mwaka tarehe 17 Mei huadhimishwa Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, na tarehe 29 Oktoba Siku ya Kiharusi Duniani. Tusisubiri tarehe hizo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hauonekani kwa macho wala hauumi; huonekana kwa kipimo tu. Kila aliyenisikiliza akaijue namba yake wiki hii, na ampeleke mtu mwingine mmoja wa nyumbani kwake akaijue ya kwake.